Kromatini na kuzeeka kwa seli

Kromatini ni DNA ikiwa imefungamana na protini zake ndani ya kiini cha seli. Seli inapozeeka, mpangilio huu hulegea: jeni zilizopaswa kufungwa husomeka, na baadhi ya zilizopaswa kusomeka hufifia. Kenya inahusika na elimu hii hasa kupitia fuko uchi (Heterocephalus glaber), mkazi wa ardhi kavu ya Mbuga ya Kitaifa ya Meru.

Muundo

DNA ya seli moja ya binadamu ikinyooshwa hufikia takriban mita 2. Huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, jozi za besi 147 kwa kila histoni 8. Sehemu iliyobanwa, heterokromatini, husomwa kwa nadra.

Mabadiliko ya uzeeni

Heterokromatini hupungua, hasa ile iliyoshikamana na ukingo wa kiini. Vipande vya DNA vinavyoweza kujinakili na kuhamia kwingine, vilivyonyamazishwa ujanani, huamka na kuichokoza kinga ya mwili. Mvurugiko wa namna hii huwapata mapema mno watoto wenye projeria, ugonjwa wa kuzeeka utotoni, ambao chanzo chake, kasoro katika jeni ya LMNA, kilitambuliwa mwaka 2003. Tangu 2013 uwazi wa DNA hupimwa kwa mbinu ya ATAC-seq, ambayo kimeng'enya chake hukata pale tu palipo wazi.

Fuko uchi

Mnyama huyu wa ajabu, mwenye ngozi iliyokunjamana na uzani wa gramu 30 hadi 40 hivi, huishi maabarani zaidi ya miaka 30. Panya wa nyumbani mara chache hupita 3. Asichanganywe na fuko mwenye manyoya (Tachyoryctes) anayetafuna viazi vitamu katika mashamba ya Manyatta, Embu, ambaye ni wa familia nyingine.

Mwaka 1981 mtafiti Jennifer Jarvis alieleza kwamba fuko uchi huishi kama nyuki: malkia mmoja huzaa, wengine hufanya kazi. Mwanabiolojia Stan Braude alianza kuwafuatilia huko Meru miaka ya 1980, akiwatia alama na kuwarudisha shimoni. Kuwanasa kwataka subira. Handaki hutobolewa, na mmoja anapokuja kuziba tundu, jembe hushushwa ghafla nyuma yake kumkatia njia. Mababu wa makundi mengi yanayochunguzwa Marekani walitoka Kenya, jambo linalostahili kutajwa waziwazi zaidi kuliko ilivyo kawaida.

Mwaka 2017 maabara ya Vera Gorbunova na Andrei Seluanov, Chuo Kikuu cha Rochester, ilionyesha kwamba seli za fuko uchi ni ngumu kurudishwa katika hali ya seli shina. Zikilinganishwa na za panya, zina alama nyingi zaidi za kufunga jeni (H3K27me3) na chache za kuzifungua (H3K27ac). Uthabiti huo wa kromatini unadhaniwa kuchangia maisha yake marefu na uhaba wa saratani. Si kwamba hazeeki: mwaka 2022 mtafiti Steve Horvath na wenzake waliripoti kwamba methili, alama za kikemikali kwenye DNA yake, hubadilika kwa umri, ila kwa malkia polepole kuliko kwa wasiozaa.

Nyani wa Amboseli

Nyani wa Amboseli, pia nchini Kenya, hufuatiliwa tangu 1971. Utafiti wa 2021 ulibaini kwamba methili za madume wenye cheo cha juu huashiria umri mkubwa kuliko walio nao. Cheo kikishuka, tofauti hiyo hupungua.