Herufi Zisizo na Kona

Ukitoka Kisii kwa barabara ya Keroka, ukishuka Keumbu kabla hujawafikia akina mama wa ndizi, kulikuwa na ukuta wa mama yangu ulioandikwa HOTELI. Herufi nyekundu, nene, zimevimba kama mandazi, hazina kona hata moja.

Aliyeziandika alikuwa mzee wa mabango. Nilikuwa darasa la sita, kazi yangu kumshikia uzi. Aliupaka chaki, akauvuta, akauachilia: tap! mstari umenyooka ukutani. Alichora mifupa ya herufi kwa penseli, kisha akainenepesha kwa rangi ya mafuta, na kila ncha akaizungusha. Nikamuuliza mbona asizikate kali kama za gazeti.

"Kijana, mvua ikipiga, kona ndiyo hubanduka kwanza."

Na huku kwetu mvua inajua kupiga.

Nilipokua nikagundua kwamba herufi hizi zina ukoo mrefu. Mwaka 1970 Letraset ya Uingereza ilitoa Frankfurter, kazi ya Bob Newman. Jina ni la soseji, na ukiziangalia utakubali. Zilikuja kwenye karatasi, unazisugua zinahamia kwenye kazi yako. Mwaka 1979 ikaja VAG Rounded, ili wauzaji wa Volkswagen na Audi wawe na mwandiko mmoja. Baadaye Apple wakaiweka kwenye vitufe vya kibodi zao, wakaanza kuiondoa 2015. Zote zina majina na tarehe. Ile ya ukuta wetu haina, na hilo linaniudhi kuliko ninavyopenda kukiri.

Maana mimi mwenyewe nilisaidia kuifuta. M-Pesa ilipoanza 2007, kuta za maduka mengi zikageuka kijani, na wachoraji walipata kazi nyingi kweli, ila sasa za kunakili nembo. Halafu zikaja mashine za kuchapisha mabango ya plastiki. Nikaajiriwa saiba moja Kisii mjini. Mama alipotaka kupaka ukuta upya, nilifungua kompyuta, nikachagua Arial Rounded MT Bold, ile inayokuja na Microsoft Office, kwa sababu ilifanana na zile za mzee. Dakika kumi, bango tayari. Bei yake nusu ya ile mzee angeitisha.

Alikuja kunywa chai, akalitazama kwa muda.

"L na I zimeachana," akasema, "kama majirani waliogombania mpaka."

Alikuwa sahihi, bana. Kompyuta ilipima nafasi, yeye alikuwa akiiona. Alimaliza chai, akamlipa mama ingawa mama alikataa pesa, akaenda.

Bango lilipauka, upepo ukalichana. Jua la jioni likilala upande, chini ya rangi mpya ya ukuta bado unaona HOTELI imeinuka kidogo. Ukipitisha kidole, ncha zote ni za mviringo.