Uzi wa Unyiha Kabla ya Merikani

Ukisikiliza historia ya misafara ya karne ya 19 inavyosimuliwa, utadhani watu wa bara walikaa uchi wakisubiri nguo ziletwe kutoka pwani. Kwa Nyanda za Juu Kusini hadithi hiyo haisimami. Wanyiha wa Mbozi (iliyokuwa wilaya ya Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipozaliwa mwaka 2016) na jirani zao Wafipa walilima pamba, wakasokota uzi na kufuma nguo zao wenyewe. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, aliuhesabu ufumaji wa pamba kuwa kiwanda kamili, sawa na uhunzi na uchemshaji chumvi. Naona alikuwa sahihi.

Hebu tuutazame uzi wenyewe. Unyuzi mmoja wa pamba ni seli moja tu, iliyochipuka kwenye ganda la mbegu na kurefuka hadi sentimita mbili tatu hivi. Tumba likipasuka, unyuzi hukauka, hunywea na kujipinda kama utepe. Kujipinda huko ndiko kunakofanya nyuzi zishikane zikisokotwa. Kwa hiyo msokotaji hakuhitaji mitambo, alihitaji kijiti chenye kigae cha duara cha kukipa uzito, vidole vyepesi, na muda. Muda mwingi mno! Baada ya hapo mtande ulitandazwa kwenye kitanda cha mfumi kilicholazwa karibu na ardhi, mshindio ukapitishwa uzi kwa uzi. Nguo ilitoka nene na nzito. Aliyewahi kulala Mbozi mwezi wa Juni hataulizia kwa nini.

Halafu ikaja merikani, nguo ya viwanda vya Massachusetts iliyoingia kwa wingi kupitia Unguja baada ya mkataba wa Sultani Said na Marekani mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipoikausha, nguo za Bombay zikachukua nafasi, ila jina likabaki. Kufikia hapo nguo ilishakuwa fedha. Huko Iringa, katika himaya ya Mkwawa, misafara ililipa hongo kwa nguo, shanga na masango, yaani nyaya nene za shaba. Mfumi wa Unyiha, na kijiti chake, angeshindanaje na mashine ya mvuke?

Lakini mashine peke yake haikummaliza. Wajerumani walileta kodi ya nyumba mwaka 1898, na ule muda wa kusokota ukaanza kutafutiwa kodi. Cha ajabu, pamba yenyewe hawakuichukia hata kidogo. Waliitaka mno, mradi isokotwe Ulaya. Kuanzia 1902 wakalazimisha mashamba ya pamba ya jumuiya huko kusini mwa pwani. Julai 1905, kijijini Nandete, Wamatumbi walianza vita vya Maji Maji kwa kung'oa miche ya pamba.