Namba ya Bati

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi, Mwanza kama Mombasa, mnunuzi wa bati huulizwa kwanza: geji ngapi? Anayejenga kwa mara ya kwanza hushangaa akitajiwa bei. Geji 28 ni nene na ghali. Geji 32 ni jembamba na nafuu. Namba inapanda, chuma kinapungua.

Chanzo cha hesabu hiyo ni waya. Mafundi wa Uingereza waliupunguza unene wa waya kwa kuuvuta kupitia matundu yaliyozidi kuwa madogo, na namba ikafuata mivuto: kadiri waya ulivyovutwa mara nyingi, ndivyo ulivyokuwa mwembamba na namba yake kubwa. Kila karakana ilikuwa na vipimo vyake, hadi serikali ilipoweka kipimo kimoja cha waya mwaka 1884. Watengenezaji wa bati nao walihesabu kwa mtindo huohuo, kwa jedwali lililobeba jina la mji wa Birmingham.

Bati la migongo lilipata hataza mwaka 1829, mikononi mwa Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari ya London. Chuma chembamba kikilala bapa hulegea. Kikikunjwa mawimbi hukakamaa na kubeba uzito wake. Ilibaki kutu. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa.

Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, na kambi ile ya matope ikageuka mji wa mabati. Bati lilipangika vizuri ndani ya behewa, lilipigiliwa kwa siku chache, tena halikuwaka kama nyasi. Kwa watu wa kipato kidogo lilikuwa mbali. Dar es Salaam, wengi waliezeka makuti, na wengine walipasua madebe ya mafuta ya taa, wakayanyoosha kwa nyundo na kuyapigilia juu ya fito.

Baadaye viwanda vikaja karibu. Kampuni ya ALAF, inayotengeneza mabati, ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1960. Kenya, katika miaka ya baada ya uhuru, wanawake wa Mkoa wa Kati walichanga fedha na kuezekeana nyumba kwa zamu, hata vikundi vyao vikaitwa vya mabati. Paa hilo lilileta na maji: mvua ilishuka kwenye mfereji hadi pipani, na mama akapunguziwa safari ya mtoni.

Hapo ndipo geji ilipoingia katika hesabu ya kila kaya. Geji 28 ina unene wa takriban milimita 0.4, geji 30 milimita 0.3, geji 32 milimita 0.25. Mita moja ya mraba ya chuma cha milimita 0.4 ina uzito wa kilo 3 na kidogo. Cha milimita 0.25, kilo 2 hivi. Maana yake, chuma kinachoezeka nyumba 5 kwa geji 28 kinaezeka nyumba 8 za ukubwa uleule kwa geji 32. Wembamba ndio uliolifikisha bati kijijini.

Gharama yake huonekana juu ya kenchi. Bati jembamba linataka papi zilizokaribiana. Fundi akikanyaga vibaya, mgongo unabonyea. Upepo ukilitikisa miaka mingi, tundu la msumari hupanuka, na mvua hupata njia.

Kutu ni habari nyingine. Kinachoizuia ni zinki, na namba ya geji haisemi lolote kuhusu zinki. Kwenye hewa ya chumvi ya pwani, bati nene lililopakwa zinki haba laweza kuoza kabla ya jembamba lililopakwa vyema. Ndiyo maana mnunuzi makini huuliza mambo mawili dukani: unene wa milimita ngapi, na zinki gramu ngapi kwa mita ya mraba.