"Imeboreshwa" au Imemaliziwa Upya?

Mpenzi wa roki ya progresivu akisikia kwamba albamu anayoitukuza itatolewa tena, hahangaiki na nyimbo. Nyimbo anazo kichwani, mpaka pale santuri yake inapokwaruza. Anachouliza ni kimoja: safari hii wametumia kanda ipi? Miezi yote ya kungoja atabishana na wenzake juu ya hilo, maana anajua kwamba lile neno la Kiingereza litakalobandikwa kwenye jalada, "remastered", halisemi mengi mpaka swali lake lijibiwe. Kwa Kiswahili neno hilo lina tafsiri mbili zinazomjia mtu haraka: "iliyorekodiwa upya" na "iliyoboreshwa". Ya kwanza ni kosa la wazi, kwa kuwa hakuna aliyerudi studio kuimba. Ya pili ndiyo yenye madhara, kwa sababu inapendeza masikioni na inatoa hukumu kabla mtu hajasikiliza. (Jina la muziki wenyewe naliacha lilivyo, progresivu. Ukisema roki ya maendeleo, msomaji atadhani bendi imealikwa kwenye mkutano wa kijiji.)

Ili tupate neno la haki, tuiangalie kazi yenyewe. Studio nzuri ya mwishoni mwa miaka ya 1960 ilirekodi kwenye kanda pana iliyogawanywa njia nane: ngoma huku, besi kule, mwimbaji na njia yake. Hatua ya pili ni kuchanganya. Fundi anaamua filimbi isikike kiasi gani, gitaa likae kushoto au kulia, mwangwi uwe mrefu au mfupi, kisha anazishusha njia zote kwenye kanda ya njia mbili tu. Hiyo ndiyo kanda mama. Tunasema kampuni mama na lugha mama, kwa hiyo hatuna sababu ya kuiogopa kanda mama. Hatua ya tatu ndiyo hii inayotusumbua. Fundi mwingine, mara nyingi kwenye chumba kingine kabisa, anaichukua kanda mama na kuiandaa iingie kwenye chombo kitakachouzwa. Hawezi tena kumpunguza mpiga ngoma peke yake wala kumsogeza mwimbaji, maana vyote vimekwisha kuungana. Anachoweza ni kurekebisha besi ya jumla, kung'arisha sauti za juu, kupanga ukimya kati ya wimbo na wimbo, na kuamua ukubwa wa sauti nzima. Kwa santuri kazi hii ilikuwa na masharti magumu: besi ikizidi, sindano inaruka mfereji, upande mmoja ukipita sana dakika 20, mifereji inabanana na sauti inabidi ishushwe. Bendi za progresivu, ambazo hazikuona ajabu kujaza upande mzima kwa wimbo mmoja, zilimpa fundi huyu kibarua kigumu kuliko waimbaji wa nyimbo za dakika tatu.

Lugha ya ujenzi ina neno kwa hatua ya namna hii. Msimamizi akiulizwa darasa limefika wapi, hujibu kwamba liko hatua ya umaliziaji, na kila mtu anaelewa: kuta zimesimama, paa liko juu, kilichobaki ni lipu, rangi, vioo na milango. Hakuna anayehamisha ukuta wakati wa umaliziaji. Kwa hiyo ninapendekeza kazi ya fundi wa hatua ya tatu iitwe umaliziaji, na albamu yenye neno lile la Kiingereza tuseme imemaliziwa upya: rangi ya zamani imekwanguliwa, imepakwa nyingine, nyumba ni ileile. Kuchanganya upya ni kubomoa kuta za ndani na kuzijenga tena kwa matofali yaleyale. Kurekodi upya ni kujenga nyumba nyingine kabisa na kuipa jina la ile ya kwanza.

Uzuri wa neno hili ni kwamba halisifu. Chukua *In the Court of the Crimson King*, albamu ya kwanza ya King Crimson, iliyorekodiwa London na kutoka Oktoba 1969. Katika miaka ya 1980 na 1990 ilitolewa tena mara kadhaa, na Robert Fripp, mpiga gitaa wa bendi, alishiriki mwenyewe katika kuimalizia upya. Lakini mafundi walikuwa wakifanyia kazi nakala za nakala, kwa sababu kanda mama ya kwanza ilidhaniwa imepotea. Anayejua fotokopi ya fotokopi anajua kinachotokea: herufi zinasomeka, ila kingo zimefifia, na kila nakala inaongeza uchafu wake, ambao kwenye kanda ni mvumo kama wa mchanga unaomwagwa. Kanda mama yenyewe ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 2000, na toleo la 2004 likatengenezwa kutokana nayo. Matoleo yote hayo yalibeba dai lilelile la Kiingereza, na kwa tafsiri ya "iliyoboreshwa" yote yangekuwa sawa. Tofauti kubwa kati yao ilitoka kwenye kabati la kanda.

Mwaka 2009, albamu ikitimiza miaka 40, mwanamuziki Steven Wilson alifanya jambo jingine kabisa: alirudi kwenye kanda za njia nane na kuchanganya upya. Hapo kuta zilihama kweli. Wimbo "Moonchild", ambao kwenye santuri ulipita dakika 12 kwa sababu ya mchezo mrefu wa ala za kunong'ona, katika mchanganyiko huo ulipunguzwa takriban dakika tatu. Umaliziaji hauna kawaida ya kufika huko. Nasi tuna mtego wetu wa ziada, kwa sababu "rimiksi" imekwisha kuingia Kiswahili kupitia bongofleva ikiwa na maana nyingine: wimbo uleule ukaongezewa msanii mgeni na ubeti mpya. Ukimwambia kijana wa Dar es Salaam kwamba King Crimson wametoa rimiksi, atauliza wamemshirikisha nani. Ndiyo maana kwa kazi ya Wilson "kuchanganya upya" inafaa zaidi. Mpaka kati ya kuchanganya upya na umaliziaji si wa maneno matupu. Mwaka 2017 Wilson alipogusa albamu tatu za mwanzo za bendi ya Gentle Giant, aliweza kuchanganya upya nyimbo chache tu, zile ambazo kanda zake za njia nyingi zimesalia, na zikakusanywa katika *Three Piece Suite*. Zile nyingine, njia zikishapotea, hubaki na umaliziaji peke yake.

Atakayepinga atasema studio zetu tayari zinasema "kumasta", na kwamba neno linalotumika halihitaji mpinzani. Ndani ya studio sina ugomvi nalo. Prodyuza na msanii wanaelewana. Lakini msomaji wa gazeti anayesoma "imemastiwa upya" haoni chochote kilichofanyika, na pengo hilo atalijaza kwa lile lile la "kuboreshwa". Mwingine atapendekeza "kusawazisha". Ni neno zuri, ila limekwisha kupangishwa na vitufe vya besi na sauti za juu kwenye redio, na isitoshe linafundisha kosa. Albamu ya King Crimson inaanza kwa kishindo cha "21st Century Schizoid Man", sauti ya mwimbaji imekwaruzwa makusudi, kisha ghafla kelele inakatika na "I Talk to the Wind" inaingia kwa upole wa filimbi. Diski ya kidijitali ina dari ambayo sauti haiwezi kuipita. Anayetaka toleo lake lisikike kubwa kuliko la jirani huinua vilivyo chini mpaka vikaribie dari. Filimbi inasimama kimo kimoja na kishindo, na kile kituo kilichokuwa kikimshtua msikilizaji kinakufa. Matoleo mengi ya tangu miaka ya 1990 yalisawazishwa kwa maana hiyo mbaya, na mashabiki wakarudi kutafuta santuri chakavu.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama toleo la 2004 kweli ni bora, kwa nini tusiseme limeboreshwa? Tuseme, kwenye uhakiki, baada ya kulisikiliza. Jina la kazi ni jingine na hukumu ya kazi ni nyingine. Hata nyumba iliyopakwa rangi ya kuchukiza imefanyiwa umaliziaji. Wahariri wa kurasa za burudani, likiwafikia tangazo la albamu ya zamani inayorudi, andikeni "imemaliziwa upya" au "imechanganywa upya" kulingana na kilichofanyika. Na kama tangazo halisemi ni kutoka kanda ipi, ulizeni hilo kwanza kabla ya bei.