John Lewis: Safari ya Mwisho Kupita Selma

Jumapili ya tarehe 26 Julai 2020, gari la kukokotwa na farasi lilivuka Daraja la Edmund Pettus mjini Selma, Alabama, likiwa limebeba jeneza la John Lewis. Maua mekundu ya waridi yalikuwa yamemwagwa barabarani kukumbuka damu iliyomwagika hapo. Ng'ambo ya mto, askari wa jimbo walimpigia saluti.

Askari wa jimbo hilohilo ndio waliompasua kichwa.

Tarehe 7 Machi 1965, watu wapatao 600 walitoka Selma kwa miguu kuelekea Montgomery, makao makuu ya jimbo, kudai haki ya Wamarekani Weusi ya kujiandikisha na kupiga kura. Lewis, kijana wa miaka 25, alitangulia mbele pamoja na Hosea Williams. Mkobani alikuwa ametia vitabu viwili, tufaha, chungwa, mswaki na dawa ya meno, kwa kuwa alitarajia kulala mahabusu. Kilichowapokea ng'ambo ya daraja kilikuwa virungu, farasi na mabomu ya machozi. Lewis alivunjwa fuvu. Picha za televisheni ziliwatikisa Wamarekani, na tarehe 6 Agosti Rais Lyndon Johnson akatia saini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura.

Mtoto huyo wa wakulima wa karibu na Troy, Alabama, alikwisha kuzoea misukosuko. Mwaka 1960 alishiriki migomo ya kuketi katika migahawa ya Nashville iliyokataa kuwahudumia Weusi. Mwaka 1961 alipigwa katika safari za mabasi za kupinga ubaguzi. Kwenye mkutano mkubwa wa Washington wa Agosti 1963, yeye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wasemaji wote. Mwaka uliofuata alizuru Afrika akiwa na mwenzake na, bila kutarajia, wakakutana na Malcolm X katika hoteli ya New Stanley, Nairobi. Malcolm aliwahimiza wawili hao wayaunganishe mapambano yao na yale ya Waafrika.

Kuanzia 1987 aliwakilisha Atlanta bungeni, hadi saratani ya kongosho ilipomuua tarehe 17 Julai 2020, akiwa na miaka 80.

Msiba wake ulipita Troy, Selma, Montgomery na Washington, ambako alikuwa mbunge Mweusi wa kwanza kulazwa kwa heshima chini ya kuba la Bunge. Tarehe 30 Julai, marais wastaafu watatu walihudhuria ibada katika kanisa la Ebenezer, Atlanta, kanisa la Martin Luther King. Mmoja wao, Barack Obama, alilitaka Bunge limuenzi Lewis kwa kuihuisha sheria aliyoipigania.

Dai hilo lilikuwa na uzito wake. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imebatilisha kifungu cha sheria hiyo kilichoamua ni majimbo gani yaombe kibali cha serikali kuu kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi. Muswada wenye jina la Lewis, wa kurejesha kinga hiyo, ulipita Baraza la Wawakilishi Agosti 2021. Novemba mwaka huohuo ulikwama katika Seneti.