Msimbo mmoja, programu nyingi: kwa nini simu huomba kusasishwa

Simu ikituomba tusasishe programu, wengi wetu huahirisha ili kuokoa bando. Tuangalie kinachofanyika nyuma ya ombi hilo.

Msimbo ni maelekezo yanayoendesha programu. Watengenezaji hawauandiki wote upya: sehemu inayohitajika na programu nyingi, kama ile inayolinda neno la siri linaposafiri mtandaoni, huandikwa mara moja. Ikinakiliwa ovyo, kosa likigunduliwa lazima lisakwe nakala kwa nakala. Ndiyo maana huwekwa mahali pamoja kwa kutumia chombo kama Git, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Git hutunza kumbukumbu ya nani amebadili nini na lini, na kila programu hubainisha toleo inalolitumia.

Lakini kurekebisha chanzo peke yake hakutoshi. Aprili 2014 lilitangazwa kosa lililoitwa Heartbleed ndani ya OpenSSL, msimbo wa usalama uliotumiwa na tovuti nyingi duniani. Marekebisho yalitolewa siku hiyohiyo, ila waliobaki na toleo lenye kosa, zikiwemo simu za Android 4.1.1, walibaki hatarini.

Kwa hiyo bando likiruhusu, tusasishe.