Umeme Uvujao Gari Likilala

Ukambani ni nchi ya watu waliozoea safari tangu zamani. Kabla ya kuja kwa reli, misafara ya Wakamba ilichukua pembe za ndovu hadi pwani, na Kivoi, tajiri wa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf alipofika huko mwaka 1849. Baadaye ikaja reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, katika nchi iitwayo leo Makueni, ikafika Nairobi mwaka 1899. Mji wa Kitui ukaachwa mbali na njia hiyo. Motokaa zilipokuja, basi, ndizo zilizokuwa reli ya Kitui. Na hata leo vijiji vingi vya kaunti hizi mbili humtegemea mtu mwenye gari palipo na haja.

Lakini gari zuri lisilowaka halina tofauti na jiwe. Tuseme mtu wa Mutomo amelilaza gari lake zima, akasafiri kwa juma moja. Usiku ule arudipo, jirani anabisha hodi: mtoto ni mgonjwa, hana budi kupelekwa hospitali Kitui. Ufunguo unazungushwa, panasikika mlio mdogo tu, kisha kimya. Betri imekwisha, na hapana mtu aliyeigusa. Umeme umekwenda wapi? Ili tumjue mwizi huyu, yatupasa turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1800 Mwitalia Alessandro Volta alionyesha kwamba madini mawili mbalimbali yakitenganishwa na kitu chenye maji ya chumvi hutoa umeme. Betri yake ilikuwa ikiisha, imeisha. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitia mabamba ya risasi katika tindikali ya salfa, akapata betri iwezayo kujazwa tena. Na mwaka 1881 mwenzake Camille Faure akayaboresha mabamba hayo. Betri nyingi za magari yetu ni wajukuu wa ile ya Planté. Zina vyumba sita, kila kimoja chenye volti 2 na kidogo, na zikijaa hupima karibu volti 12.6.

Motokaa za kwanza hazikuhitaji betri ili ziwake. Gari la Ford liitwalo Model T, lililotolewa mwaka 1908, liliwashwa kwa kuzungusha mpini wa chuma mbele ya injini. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, na mpini uliporudi nyuma kwa ghafula uliweza kuvunja mkono. Ndipo Mmarekani Charles Kettering alipotengeneza stata ya umeme, ikatiwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Tangu hapo hata mtu dhaifu aliweza kuliwasha gari; lakini tangu hapo pia, gari likawa mtumwa wa betri yake.

Kisha vikaongezwa vitu vingine, kimoja baada ya kimoja: saa, redio, king'ora cha kuzuia wezi, na mwisho kompyuta. Katika miaka ya 1960 alteneta ilianza kushika mahali pa dainamo. Ndani yake mna dayodi, ambazo kazi yake ni kama milango ipitishayo umeme upande mmoja tu. Mlango mmoja ukiharibika, umeme hurudi na kupotea injini ikiwa imezimwa. Hivyo gari la siku hizi halilali kabisa. Hunywa kidogo kidogo usiku kucha.

Kunywa huko kukiwa chini ya ampea 0.05, si neno. Lakini tazama taa ndogo ya buti, ya wati 5, iliyobaki ikiwaka kwa sababu swichi yake imekwama. Hutumia ampea 0.4 hivi, kwa saa 24 imekwisha kunywa karibu ampea-saa 10. Betri ya ampea-saa 60 haitafika juma moja. Bandu bandu huisha gogo.

Wengi hukimbilia kununua betri mpya, nayo hufa vilevile. Fundi mwenye busara hupima kwanza. Huijaza betri, huifungua nyaya zake, na kuiacha usiku mmoja. Ikishuka sana peke yake, ugonjwa umo ndani yake. Na joto la nyanda za Kibwezi na Mutomo huharakisha uzee wa betri. Ikibaki na nguvu, mwizi yumo garini. Hapo fundi huzima kila kitu, hufunga milango, na kuiunga mita ya ampea kati ya waya wa hasi na betri. Hangoji dakika moja tu, bali nusu saa au zaidi, mpaka kompyuta zilale. Wala hathubutu kuwasha injini mita ikiwa hapo, maana itaungua. Kisha hung'oa fyuzi moja moja. Ile ambayo ikitoka mita inashuka, ndiyo ionyeshayo njia ya mwizi. Zikiisha fyuzi zote na mita haijashuka, huitazama alteneta.

Watu wa Kitui na Makueni wanajua thamani ya maji, nao huchimba visima katika mchanga wa mito iliyokauka. Hakuna mama wa huko ambaye, akikuta mtungi wake mtupu asubuhi, atakwenda mtoni tena kabla ya kuutazama kama una ufa. Betri nayo ni mtungi. Kwanza tafuta ufa, kisha ndipo ujaze. Na uutafute mchana, kabla jirani hajabisha hodi usiku.